Makasha Manne ya Datsun

Kule Zama, Japani, kampuni ya Nissan ina ghala inamohifadhi magari yake ya zamani. Ndani yake limo Datsun 240Z jekundu lenye boneti nyeusi, lile lililoshinda East African Safari ya 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Hawajalinyoosha. Mabonde yapo, mikwaruzo ipo, vile vile lilivyotoka kwenye matope yetu. Watu husafiri mbali kwenda kulipiga picha.

Kila nikiiona picha yake huwa silifikirii gari lenyewe. Huwa nafikiria spea. Hakuna anayeleta gari Safari bila spea, na gari likishaondoka, spea zilizobaki haziwekewi kioo wala taa. Zinaingia gereji, zinaingia chini ya vitanda, zinaingia kwenye mabanda ya kuku. Nitaeleza za gari moja tu, na si lile la Zama. Hili lilikuwa la ami yangu, na mabaki yake yalikuwa makasha manne nyuma ya nyumba yake hapa Takaungu, futi chache kutoka mahali upepo wa bahari unapopitia kila jioni na chumvi yake.

Ili uelewe kwa nini kabureta kuukuu ya Takaungu iwe na bei yoyote, lazima turudi 1953. Mwaka huo Elizabeth wa Pili alitawazwa London, na wazungu wa Nairobi wakaona njia nzuri ya kusherehekea ni kukimbiza magari kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakaiita Coronation Safari. Kilichonifurahisha niliposoma habari zake ni kwamba magari yaligawanywa katika makundi kulingana na bei yake dukani. Yaani lile shindano, mbali na bendera na malkia, lilikuwa soko. Ukitaka kujua pesa zako zinakununulia gari gani la kuhimili barabara ya murram mwezi wa mvua, tazama nani anarudi Nairobi akiwa bado na magurudumu manne.

Na wengi hawakurudi. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, mwaka 1968 tena saba, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mnajua vizuri kilichofuata: Peugeot ikawa gari la safari ndefu Kenya nzima, na hadi leo wazee wanataja 404 kwa heshima ambayo wengine wanawapa mashekhe. Ushindi wa Safari ulikuwa unauza magari, magari yakishauzwa yanataka spea, na spea ndizo zinazolisha watu miaka arubaini baadaye. Gari huuzwa mara moja. Beringi zake huuzwa mara kumi.

Wajapani wa Nissan walikuja mara ya kwanza mwaka huo huo wa 1963, na Bluebird na Cedric zao. Wakaendelea kuja. Huko kwao Safari ikawa kitu kikubwa kiasi kwamba 1969 ilitoka filamu yake, Safari 5000, na aliyecheza dereva ni Yujiro Ishihara, ambaye umaarufu wake Japani wakati ule ulikuwa wa kupindukia. Mwaka 1970 Herrmann akashinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 akashinda na 240Z, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda, kwa pointi sawasawa kabisa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, ikabidi watazame nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupoteza pointi.

Mehta nisimpite haraka. Alikuwa mzaliwa wa Uganda, Mhindi, na familia yake ilihamia Kenya 1972, mwaka ambao Idi Amin alifukuza Waasia. Miezi michache baadaye akashinda Safari. Kisha akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Tunapenda kumweka kwenye orodha ya mashujaa wa Kenya na kuishia hapo. Lakini fikiria pia wale waliofukuzwa naye wasioendesha rali: wenye maduka. Biashara ya spea Afrika Mashariki ilikuwa mikononi mwa Wahindi kwa sehemu kubwa, na walipoondoka Kampala na Jinja waliacha rafu zimejaa vitu ambavyo waliopewa maduka hawakuvijua hata majina. Gasketi ya gari gani hii? Hakuna wa kujibu. Ujuzi wa spea ni wa kichwani, na kichwa kilikuwa kimepanda ndege kwenda Leicester.

Sasa ami.

Ami yangu na baba yangu ni tumbo moja. Alitoka Takaungu 1974 akiwa kijana, akaenda Mombasa kuosha vyuma kwa petroli kwenye gereji moja iliyohudumia wazungu wa mahoteli. Kuosha vyuma ndiko kulikomfundisha, kwa sababu kila kilichofunguliwa kilipita mikononi mwake. Mwaka 1983 mteja mmoja wa gereji aliligaragaza 240Z lake upande wa Vipingo, pale kwenye mashamba ya katani, akatoka mzima, na baada ya muda akafunga biashara na kurudi kwao. Mwenye gereji alikuwa na deni la mishahara ya miezi kadhaa kwa ami. Akamwambia achukue lile gari, waitane sawa.

Watu wa hapa walimcheka. Gari lenyewe lilikuwa kama kopo lililokanyagwa. Likaletwa juu ya lori, likawekwa chini ya mwembe, na likakaa hapo miaka minane likitengenezwa kwa vipande. Unauliza, miaka minane ya nini? Ya spea. Vijana wa sasa mnaodhani spea ni kuandika jina lake kwenye simu na kulipa kwa M-Pesa, hamjui Kenya ya miaka ya 1980. Kuingiza kitu kutoka nje kulitaka leseni, fedha za kigeni zilitolewa kwa kibali, na mashine ya hospitali ingepewa nafasi mbele ya kioo cha nyuma cha gari la mchezo. Juu ya hayo, jina lenyewe la Datsun lilikuwa linauawa: mwaka 1981 Nissan walitangaza wanaliondoa polepole duniani kote. Kwa hiyo ami alifanya walivyofanya mafundi wote wa enzi yake. Alinunua kila kilichopatikana, hata kama hakikuhitajika, kwa sababu kesho kingehitajika na kisipatikane. Kabureta za ziada. Kichwa cha injini cha ziada. Difu ya ziada. Makasha yale manne yalizaliwa hivyo. Ukiniuliza, ni sera ya fedha za kigeni iliyowekwa ndani ya mbao.

Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilitoka Nairobi, Grogan. Kila mwenye gari Kenya anaijua Grogan, na wengi wana kisa cha kioo cha pembeni kilichoibwa Jumatatu kikauzwa tena kwa mwenyewe Jumatano. Barabara yenyewe inaitwa Kirinyaga tangu zamani. Jina la Grogan ni la Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, na ambaye mwezi Machi 1907 aliwachapa viboko Waafrika hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, huku wazungu wenzake wakitazama. Serikali ilifuta jina lake kwenye kibao. Waliolihifadhi ni mafundi na wauza beringi, ambao wengi wao hawana habari alikuwa nani. Mimi nililitamka kwa miaka bila kujiuliza.

Gari liliwaka 1991. Ndiyo mwaka lilipofunguliwa Daraja la Kilifi, lililojengwa kwa fedha za Wajapani, na feri ikastaafu. Ami husema safari ya kwanza ya maana ya Datsun lake ilikuwa kulivuka daraja hilo kwenda na kurudi, mara tatu, bila shughuli yoyote ng'ambo. Chuma cha Wajapani juu ya daraja la Wajapani. Baba alikuwa amekaa kiti cha abiria na anasema hakuona kitu kwa sababu alikuwa amefumba macho.

Miaka michache baadaye mambo yakageuka. Udhibiti wa fedha za kigeni ukaondolewa katikati ya miaka ya 1990, na bandari ya Mombasa ikaanza kumwaga magari yaliyotumika Japani, na pamoja nayo spea zilizotumika: injini nzima nzima, milango, hata magari yaliyokatwa nusu kuanzia dashibodi kwenda mbele. Ikaja sheria kwamba gari linaloingia lisizidi umri wa miaka minane. Sheria hiyo ililengwa kwa mikweche, lakini iliacha jambo la kando: magari ya spoti ya zamani yakabaki yale yale yaliyokuwa tayari ndani ya nchi. Hayaongezeki, yanapungua.

Halafu mwaka 2003, Safari ikitimiza miaka hamsini, ikaanzishwa rali ya magari ya zamani, East African Safari Classic. Mara nyingi huanzia au kuishia huku pwani. Porsche 911, Ford Escort, Datsun 240Z. Ghafla matajiri wa Ulaya na Nairobi wakawa wanatafuta kitu ambacho ami alikuwa nacho chini ya mwembe. Alikataa mara nyingi. Mwaka 2019 akakubali, kwa sababu nyumba ilikuwa inavuja na deni la ugonjwa wa marehemu mkewe lilikuwa halijaisha. Mnunuzi alikuja na trela kutoka Nairobi. Alichukua gari, na vipande alivyovitaka. Makasha akayatazama juu juu tu, akayaacha. Ami hakulia wala hakuaga. Aliingia ndani kabla trela haijawashwa.

Mimi naingia hapa. Niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilitushinda, na nilikuwa nikisoma historia, kozi ambayo majirani walikuwa wameshaniuliza itanipa kazi gani. Nikarudi Takaungu, nikaanza kuandika vijimakala vya pesa mbili tatu kwa simu. Mwezi wa Januari 2022 ami aliniita. Jicho lake la kulia lilikuwa limefungwa na mtoto wa jicho na la kushoto lilikuwa njiani. Daktari ameshataja bei ya upasuaji. Ameamua kuuza makasha yale kwa jamaa wa vyuma chakavu, yule mwenye mkokoteni na mizani, kwa shilingi 35 kwa kilo. Wamekadiria kilo 210. Yaani shilingi 7,350 kwa kila kitu.

"Ami, haya si vyuma tu haya," nikamwambia.

"Mwanangu, kisichokuwa na gari ni chuma."

Jamaa wa mizani aliahidi kuja wiki inayofuata. Hakuja. Tarehe 20 Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini, kwa sababu nguzo za umeme zilikuwa zinabomolewa na kuuzwa kwa kilo, na nchi ilikuwa imetoka kuingia gizani. Marufuku iliwaumiza watu wengi, na mimi sitasema ilikuwa sera nzuri: vijana wa mikokoteni walikaa bila kazi hadi Mei kwa makosa ya watu wenye malori na misumeno ya umeme. Lakini Takaungu ilininunulia muda wa zaidi ya miezi mitatu. Hakuna aliyeruhusiwa kununua makasha ya ami kwa mizani, hata angetaka.

Nilianza kuyafungua. Kazi yenyewe ilikuwa kama nyaraka, tofauti ni kwamba nyaraka hazikuchafui hadi kwenye viwiko. Chumvi ilikuwa imeshafanya kazi yake: kilichokuwa cha chuma kilikuwa kinameguka kama mkate wa mofa uliolala, na cha alumini kilikuwa kimeota unga mweupe lakini ndani kizima. Nilisugua kwa brashi na mafuta ya taa, nikapiga picha, nikaandika kila namba iliyochongwa au kusubuliwa. Jioni nikakaa na ami, yeye akishika kitu kwa vidole kwa sababu macho hayatoshi, akakitaja. "Hii busha ya mkono wa mbele." "Hii si ya Datsun hii, hii ya Peugeot, imeingiaje?" Alikuwa hakosei. Nikakumbuka wale wenye maduka wa Jinja.

Kwenye kichwa cha injini niliona herufi na namba: E31. Kwangu haikuwa na maana. Baadaye nikajua kwamba 240Z za mwanzo, za 1970 na 1971, zilitoka na kichwa chenye alama hiyo, kisha kikabadilishwa na kingine cha E88, na kwamba wapenzi wa magari hayo kutoka California hadi Sydney wanabishana kuhusu E31 kama sisi tunavyobishana nani anapika biriani nzuri Mombasa. Kile chuma cha shilingi 35 kwa kilo kilikuwa na ukoo.

Kuuza ndiko kulikonifundisha zaidi. Mnunuzi wa spea kuukuu haamini mtu, na ana haki. Anataka picha ya namba, picha ya upande wa chini, video ukizungusha kwa mkono, na gazeti la leo likiwa pembeni. Kijana mmoja wa Nairobi alinipigia simu mara sita kuhusu kabureta mbili za Hitachi kabla hajasema bei, na aliposema, akasema elfu nane. Ami, aliyekuwa akisikiza kwenye spika, akacheka na kuniashiria nikate. Wiki mbili baadaye fundi mmoja anayetayarisha magari ya Safari Classic akatoa 32,000 kwa hizo hizo, bila maneno mengi, kwa sababu alijua anachokitazama. Nilijifunza kwamba bei ya kitu kama hiki ni kipimo cha nani anajua nini.

Kichwa cha E31 kilikwenda kwa 18,000. Taa za nyuma 9,000. Rimu nne za chuma zilichukuliwa na mzee mmoja wa Mariakani kwa 6,000, kwa ajili ya Datsun 160J yake ambayo bado inabeba abiria siku za soko. Matundu ya nati yanalingana, manne, umbali ule ule. Huo uuzaji ndio ulionipendeza kuliko wote. Gari la mshahara ulioliwa likalisha teksi ya kijiji.

Na difu. Difu ilinunuliwa kwa 12,000 na kijana wa Subaru, mmoja wa wale mnaowasikia usiku barabara ya Malindi kabla hamjawaona. Nilimuuliza anaitakia nini. Akaniambia ya kwake, ya Impreza STI, ni R180, na hii ni R180, anataka kuzifungua zote mbili aone. Alikuwa sahihi. Nissan ilinunua hisa za kampuni mama ya Subaru mwaka 1968 na kukaa nazo hadi mwisho wa miaka ya 1990, na ukoo ule wa difu ukapita kutoka nyumba moja hadi nyingine. Vijana wa Subaru na wazee wa Datsun hutukanana sana barabarani. Chini, nyuma, kati ya magurudumu, ni ndugu.

Jumla ikawa shilingi 77,000. Ami alikuwa ameniahidi kumi kwa mia, kwa hiyo nikapata 7,700, ambazo ni shilingi 350 zaidi ya bei ambayo jamaa wa mizani angelipa kwa makasha yote manne. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwezi wa Juni.

Watalii wakifika Takaungu huuliza nyumba ya Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa na nyumba hapa ufukweni na ambaye ndege yake ilianguka Voi 1931. Nawaelekeza, sina ubaya naye. Wakiwa na muda huwa nawaambia pia kwamba mji wenyewe ulishikwa na Mazrui waliobaki baada ya Sayyid Said kuinyakua Mombasa 1837: wengine walikwenda Gazi, wengine wakaja huku. Hawakuja na ngome. Walikuja na walichoweza kubeba, na humo wakajenga mji uliopeleka mtama Uarabuni na kumiliki watumwa wengi, na uliokuwa kiini cha vita na Waingereza 1895. Ukitembea leo utaona mawe ya matumbawe ya nyumba zilizoanguka yamo ndani ya kuta za nyumba mpya. Ubao wa jahazi umekuwa kizingiti. Hakuna anayeona ajabu. Kijana wa mjini anayesema huku hatuhifadhi kitu aje apime upana wa vile vizingiti.

Bado kuna vitu ambavyo havijauzwa. Mlango wa kushoto, ambao chini umeoza, hakuna anayeutaka hata bure. Kasha moja la nati na boliti, zote za kipimo cha Kijapani, ambalo mafundi wa boti hapa mtoni huja kuchokora wakikosa kitu Kilifi. Beji ya chuma yenye maandishi 240Z, ambayo mtu wa Nairobi alitoa elfu nne, nami nikaipeleka bei hiyo kwa ami nikidhani nimeleta habari njema. Alikuwa tayari anaona vizuri kwa jicho moja. Aliichukua mkononi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaisoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama nimeshapata mtu wa ule mlango.